Ndevu za Mungu kwenye Kona ya Irimie

Rafila wa Irimie alikuwa akihesabu kuku wake mara mbili: asubuhi wanapotoka bandani, na kila mgeni anapoondoka. Si kwamba alikuwa mchoyo. Mgeni alipewa ugali wa mahindi na jibini, akala akashiba, akasindikizwa mpaka langoni. Ila kuku walihesabiwa. Majirani walimcheka kwa hilo, naye alijua wanamcheka, na wala hakujali.

Waswahili husema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nyoka wa Rafila alimwuma akiwa na miaka minane. Majira ya kuchipua ya mwaka ule walikuja wanaume watatu wenye fito za kupimia, wakatembea kwenye shamba la majani ya mifugo la baba yake wakisifia maua. Walikuwa na adabu. Waliuliza kila sehemu inaitwaje, huku mmoja wao akiandika. Irimie, baba yake, mkarimu kupita kiasi, akawatembeza mpaka kona ya majimaji yenye chemchemi, kisha akawapa jibini la kwenda nalo. Vuli ilipofika walirudi na karatasi iliyosema shamba sasa ni la ushirika, na chini pale mwenye mali alitakiwa aandike kwa mkono wake kwamba ametoa kwa hiari yake. Irimie alikuwa ameshaitwa ofisini siku tatu mfululizo, na siku ya tatu alirudi hawezi kuinua mkono wa kushoto. Rafila ndiye aliyemshikia kidau cha wino. Aliyaona maneno yakitoka kwenye kalamu, moja baada ya jingine: kwa hiari yangu.

Miaka karibu thelathini Irimie alikata majani ya shamba lake mwenyewe kama kibarua. Alikufa majira ya baridi, na mwaka uliofuata ndipo sheria ikageuka, ardhi ikarudishwa kwa wenyewe. Rafila alipokea shamba, akapokea na mawe ya mpaka, na tangu siku hiyo hakuandika jina lake mahali popote kabla ya kuisoma karatasi pande zote mbili, hata ikiwa ya posta.

Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Juu ni mteremko mkavu, chini ni ile kona ya majimaji ambako Joiana, ng'ombe wake aliyezaliwa siku ya Alhamisi na kupewa jina la siku yake, alikunywa maji. Kule kona kulijaa maua ya vichwa-damu, vile vidole vyekundu vilivyoiva juu ya mabua marefu, na vichuguu vya sisimizi vilivyofichwa na majani. Mteremko ulikatwa kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Petro, mwishoni mwa Juni, kama kwa watu wote. Kona haikuguswa mpaka sikukuu ya Maria Mdogo, mwezi wa Septemba. Ndivyo alivyofanya mama yake. Vichuguu huua makali ya mundu, na vichwa-damu vilipaswa kukomaa kwanza, kwa kuwa vikikaushwa ndiyo dawa ya ndama anayeharisha.

Sasa, siku mbili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Eliya, mwezi wa Julai, Rafila alikuwa juu ya ngazi akichuma cheri za mwisho alipoona kitu cheupe kikipepea kwenye mteremko wake. Ulikuwa wavu. Aliyeushika ni msichana mwenye suruali ya mifuko mingi, na alikuwa akikimbia, akisimama, akipiga magoti, akiandika. Wavu haukumsumbua Rafila. Kilichomchoma ni kule kuandika.

Alishuka, akamfuata bila kuweka chini ndoo yake.

"Umepoteza nini hapa?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeuliza umepoteza nini."

Msichana akacheka kidogo, akajitambulisha kuwa anaitwa Ilinca, anasoma chuo kikuu huko Cluj, na anatafuta kipepeo. Rafila alimtazama kuanzia buti mpaka kichwani. Mtu mzima, mwenye meno yote na miguu yenye nguvu, ameacha kazi za watu wakati wa kukata majani anatafuta kipepeo. Uongo nao una kiwango chake, na huu haukufika hata kiwango cha kumdanganyia mtoto.

Ilinca akatoa kadi yenye picha. Alieleza kuwa kwa juu kipepeo huyo ana rangi ya samawati iliyofifia, kama shuka lililofuliwa mno, lakini asitazamwe kwa juu. Anapotua na kufumba mabawa, upande wa chini ni kijivu cha kahawia, na hapo kuna nukta nyeusi safu mbili. Yuko ndugu yake mweusi zaidi, mwenye safu moja tu, na wengi huwachanganya. Asubuhi nzima amewafukuza wale wa samawati wa kawaida, ambao wako kila mahali, na huyu hajamwona.

Rafila alimtambua kabla kadi haijatulia mkononi. Walipokuwa watoto walimwita mjane, kwa sababu hana rangi ya kujionyesha, hakai ila kwenye ua moja, na haendi mbali na kwake. Ua lenyewe ni kichwa-damu.

"Hapa kuna nzi tu," alisema.

"Kule chini naona vichwa vyekundu. Leo mawingu yameshafunga, hawatoki bila jua. Naomba nipite kesho, kama saa nne hivi. Na hii sehemu, bibi, inaitwaje? Ni ya nani?"

Lile swali. Maneno yale yale, adabu ile ile, mpaka kalamu iliyosubiri hewani. Rafila alihisi baridi ikimpanda miguuni wakati ni mwezi wa saba. Alijibu kuwa haina jina, akageuka na kwenda zake, na alipofika nyumbani alihesabu kuku ingawa msichana hakuwa amekanyaga uani.

Alasiri hiyo alikuja Gligor, binamu wa marehemu mumewe, mwenye shamba lililopakana na kona. Gligor alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia mpya. Alibeba chupa ya pombe ya plamu, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, kama shemeji anavyoruhusiwa.

"Shemeji, nasikia una mchumba mwenye wavu."

"Macho yako yanafika mbali kwa mtu anayelalamika haoni hata herufi za gazeti."

"Gazeti halina kitu. Habari iko shambani kwako." Akajimiminia, akameza, akapangusa masharubu. "Nikwambie kama ndugu. Wale wanatafuta kijidudu cha serikali. Wakikipata kwako umekwisha. Wanaweka uzio, wanaweka kibao, na wewe hukati hata bua moja. Joiana atakula kibao."

Rafila alichambua cheri zake. Gligor akaendelea kwa sauti ya chini kwamba dawa iko moja na ni nyepesi. Kesho asubuhi, kabla msichana hajarudi, akate kona yote, mpaka chini. Pasipo ua hapana kipepeo, pasipo kipepeo hapana karatasi. Tena yeye mwenyewe atakuja kumsaidia, bure, na mundu wake.

Hapo Rafila alimtazama. Katika miaka kumi na tisa ya ujane wake, Gligor hakuwahi kumwazima hata kinoo cha kunolea, na leo anatoa mgongo mzima. Alilitia jambo hilo kichwani, akaliweka pembeni. Hofu ya kalamu ilikuwa kubwa kuliko hofu ya Gligor, maana Gligor alikuwa mtu aliyemzoea, na mtu hukosea sana kwa kile alichokizoea.

"Nina mikono yangu," alisema. "Pombe yako ondoka nayo."

Asubuhi aliingia konani umande ukiwa bado mzito. Alikuwa na miaka sitini na sita, lakini mundu wake wa mpini mrefu ulimtii kama zamani, na majani yalilala kwa mistari. Vichwa-damu vililala pamoja nayo. Mara kwa mara alisimama kunoa, akajilaumu kwa kuwanyima ndama dawa ya mwaka mzima, kisha akakumbuka mkono wa kushoto wa baba yake na kuendelea. Jua lilipochomoza juu ya misonobari, wajane wa kijivu walianza kuinuka kutoka kwenye mabua, wakazunguka pale palipokuwa na ua, wakatua kwenye vichwa vilivyolala chini. Rafila hakutaka kuwatazama. Aliwatazama.

Alipofika mwisho alifanya kama anavyofanya kila mwaka. Katika nchi ile, aliyemaliza kukata haachi shamba tupu. Huacha fungu moja limesimama, ndizo ndevu za Mungu. Walioishi bondeni waliziacha kwenye ngano. Hapa mlimani, ambako ngano haikubali, ziliachwa kwenye majani. Rafila alizoea kuziacha juu ya kichuguu kikubwa kuliko vyote, ambako mundu usingepita vizuri hata hivyo. Mungu naye hupewa pale pagumu, ndivyo binadamu tulivyo. Fungu lilikuwa na upana wa kapu la kufulia, na vichwa-damu kama ishirini ndani yake. Alilifunga shingoni kwa utepe mwekundu, akaweka chini yake kipande cha mkate na chumvi, akajifanyia ishara ya msalaba.

Alikuwa anajifuta jasho Gligor alipotokea upande wa mpaka, na mundu begani.

"Hongera, shemeji. Umekata kama msichana." Akazungusha macho kona nzima, akahesabu kwa midomo, akasimama kwenye fungu. "Ila umesahau kapande."

"Sijasahau."

"Hako hapo."

"Gligor, hizo ni ndevu."

"Najua, najua. Mambo ya kizamani. Ngoja nikumalizie." Na akaushusha mundu begani.

Rafila alidhani ni utani. Gligor huyu, akiwa na miaka sita, alisuka ndevu za Mungu pamoja naye kwenye shamba la babu yake, akachapwa kwa kuuiba ule mkate. Walevi wa kijiji kile walizipita ndevu wakiyumba, na kondoo waliziharibu wakarushiwa mawe. Lakini mtu mwenye akili zake kuzikata ndevu za mwenzake, tena mbele ya mwenyewe, halikuwa jambo lililowahi kusikika. Gligor aliinama, akapanua miguu, na shingo yake ilikuwa nyekundu kwa pupa. Hapo ndipo Rafila alipojua hatanii.

Akauweka mundu wake juu ya ule wa Gligor, chuma juu ya chuma, na kukanyaga.

"Kwani vile vichwa ishirini vinakudai nini?" aliuliza.

"Nakusaidia wewe, Rafila. Huyo mwanamke atakuja."

"Nimekata kona nzima kwa neno lako. Nikiacha fungu moja la Mungu, linakuuma wapi?"

Gligor akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Alisema kuwa wajane wote wanazeeka vibaya, akavuta mundu wake kwa nguvu, akamwambia atapita baadaye akishapoa. Rafila alimtazama hadi alipovuka mawe ya mpaka. Alikaa chini kando ya kichuguu, mundu mapajani, akaanza kulitoa lile jambo aliloliweka pembeni jana.

Saa nne Ilinca alishuka mteremkoni. Alipoiona kona alisimama. Kisha alipiga magoti, akaokota kichwa-damu kilichokatwa, akakigeuza kwenye vidole. Rafila alimtazama huku akitafuta uongo usoni mwake. Aliona uso wa mtu aliyefika hospitali amechelewa.

"Kimekufa nini?" aliuliza kwa ukali, maana huruma ilikuwa inamjia na hakuiomba.

Ilinca akamweleza taratibu. Jike hutaga kwenye vichwa hivi tu, ua jingine halitaki. Ua likikatwa Julai linakauka, na mayai yanakauka nalo. Lakini ua likiachwa, kiwavi hulila wiki mbili tatu, kisha hujiangusha chini na kusubiri. Sisimizi wekundu wakimpata humnusa, wakadhani ni mtoto wao aliyepotea, wakambeba mpaka nyumbani kwao. Humo hukaa majira yote ya baridi.

"Anakula nini humo?"

"Watoto wao."

"Na wao wanamlea?"

"Wanamlea, bibi. Ana harufu ya nyumbani."

Rafila alikitazama kichuguu kilichokuwa kando yake. Kisha akageuka polepole kutazama upande wa mpaka, ambako kofia mpya ilionekana nyuma ya uzio, haisogei.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nani amekutuma hapa? Usinidanganye, nimezeeka."

Ilinca akatoa ramani mkobani. Alisema hakutumwa na serikali kuchukua shamba la mtu. Kuna ombi la kuchimba mtaro wa kukausha ardhi ya chini ili ijengwe nyumba ya wageni, na kabla ya kibali kutoka, chuo kimeombwa kuangalia kama kuna kiumbe adimu jirani. Jibu linatakiwa Ijumaa. Akaweka kidole kwenye mstari wa vitone. Mtaro ulipita upande wa pili wa mpaka, hatua tatu tu kutoka kwenye mawe ya Irimie, wenye kina cha kimo cha mtu. Rafila hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mpaka ni wa watu, maji hayaujui. Mtaro ule ungeinywa kona yote, chemchemi ingekufa, na Joiana angelamba mawe. Chini ya ramani kulikuwa na jina la mwombaji. Alilisoma mara mbili, ingawa mara ya kwanza ilitosha.

"Na akipatikana huyo mdudu wako?"

"Mtaro hauchimbwi."

"Na mimi nawekewa uzio."

"Hapana. Wewe unaendelea kukata. Tena lazima ukate, usipokata vitaota vichaka naye ataondoka. Ila kona hii uikate Septemba."

"Nani kakufundisha Septemba?"

"Wao wenyewe," Ilinca alisema, akionyesha wale vipepeo wa kijivu waliozunguka bila pa kutua. "Lakini hawa wanaoruka hawanisaidii. Wanaweza kuwa wanapita tu. Natakiwa nimwone ametua kwenye ua lililosimama, kwenye shamba hili, nihesabu nukta. Na ua lililosimama halipo."

Rafila alijinyanyua kwa kuegemea mundu. Alikuwa amekaa mbele ya zile ndevu muda wote, mwili wake umezifunika, na sasa akasogea kando.

Walingoja, wamepiga magoti wote wawili, yule kijana na yule mzee, kama watu waliofika kuungama kwa padri mmoja. Wingu likapita. Jua liliporudi, mjane mmoja alikuja akiyumbayumba, akazunguka utepe mwekundu, akatua kwenye kichwa-damu cha juu kabisa. Akafumba mabawa. Akakunja tumbo na kulichomeka katikati ya vijiua.

Ilinca alikuwa anahangaika na kamera.

"Tulia," Rafila alinong'ona. "Safu mbili. Ya nje imefifia, ya ndani nyeusi kabisa. Kijivu, si kahawia ya giza. Ni yeye. Anataga."

Kamera ikabofya, mara nne, mara tano. Nyuma ya uzio kofia haikuonekana tena.

Baadaye Ilinca alitoa fomu, akaanza kuomba radhi kabla hata hajaikunjua. Bila ruhusa ya mwenye shamba, picha haitakubaliwa kama ushahidi. Alisema anajua wazee wengi hawapendi karatasi, na Rafila ana haki ya kukataa. Rafila aliipokea. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kilichofichwa, akaiinua juani. Akauliza maana ya maneno mawili. Akaagiza ziwe nakala mbili, na Ilinca hapo hapo akakaa kwenye majani akaandika ya pili kwa mkono, huku Rafila akimsimamia kama mwalimu.

"Jina la mahali nijaze nini?" Ilinca aliuliza. "Jana ulisema halina jina."

"Jana nilisema pia kuna nzi tu hapa. Andika Kona ya Irimie."

Msichana aliandika, akamwelekezea pa kutia sahihi. Rafila aliushika ule mpini mwembamba wa plastiki. Mkono ulikuwa umechoka kwa kukata, na herufi zilitoka kubwa na za kupinda. Aliandika jina lake. Hakuishia hapo. Chini ya jina, mahali ambapo fomu haikuuliza chochote, aliandika maneno matatu ambayo hakuwahi kuyaandika maishani, ingawa alilijua umbo la kila herufi, kwa kuwa alikuwa ameshika kidau cha wino yalipoandikwa mara ya kwanza: kwa hiari yangu.

Kwenye nakala ya pili aliyaandika tena. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani, akamwambia Ilinca apande nyumbani akale ugali kabla ya safari. Yeye mwenyewe hatakwenda, kuna kofia inazurura. Jibini liko kwenye beseni, amefunika kwa kitambaa.

"Na kuku," akampazia sauti alipokuwa ameshafika katikati ya mteremko, "wako kumi na moja."